Fundi Aliyetumwa Kuvunja Baraza Lake

Saa nne kasoro robo asubuhi, siku ya Ijumaa. Fundi Revelian amesimama mbele ya nyumba ya Bi Mwanabaraka, Temeke, na nyundo kubwa ya kuvunjia mawe mkononi. Ametumwa kuvunja baraza. Baraza lenyewe amelijenga yeye wiki tatu zilizopita, na juu yake amekaa Bi Mwanabaraka anasuka ukili kama hana habari.

Nyuma ya fundi wamesimama mabwana wawili. Wa kwanza ni Bwana Remtulla, kontrakta aliyejenga safu hii ya nyumba mpya, ambaye ndiye anayempa Revelian mshahara wake. Wa pili ni Mkaguzi wa Majengo, Mwingereza mrefu mwenye kaptula iliyonyooshwa pasi ikanyooka kweli. Mkononi ana karatasi. Inasema kuwa chochote kilichojengwa ndani ya futi tatu kutoka mfereji wa maji ya mvua kiondolewe leo kabla ya saa sita. Ubavuni mwa baraza kuna alama ya msalaba ya chaki nyekundu, iliyochorwa juzi na mtu aliyepita kwa baiskeli bila hata kushuka.

"Fundi, anza," anasema Mkaguzi kwa Kiswahili safi.

Revelian hainui nyundo. Akikataa, Jumatatu hana kazi. Akipiga, itabidi amwinue kwanza bibi wa miaka sabini kutoka mahali pekee anapopapenda katika Temeke nzima. Anavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Umeamkaje? Demetria hajambo?"

"Hajambo, bibi."

"Na lile jino lake?"

Mkaguzi anakohoa. Jino la Demetria, mke wa fundi, linaulizwa vizuri mpaka linaisha.

Revelian ana umri wa miaka thelathini na sita. Alizaliwa karibu na Bukoba, katika nyumba iliyozungukwa na migomba pande zote, akaja Dar es Salaam mwaka 1946, baada ya vita, kutafuta kazi ya uashi. Ni mtu mwembamba, mcheshi, mwenye chokaa kwenye nyusi hata siku za sikukuu. Kwa Bwana Remtulla hulipwa shilingi tano kwa siku, tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa alasiri. Saa tisa ikigonga anaosha mwiko, anapanda baiskeli, na kwenda kuwajengea watu mabaraza kwa shilingi kumi na tano kila moja, mawe na saruji juu ya mwenye nyumba.

Anayemwona leo hawezi kuamini kwamba kazi hiyo aliianza kwa aibu kubwa.

"Kwetu hakuna baraza," anaeleza. "Mtu akikaa barabarani kutwa, watu wanaulizana kama ana kesi."

Kwa hiyo mwaka 1951, jirani mmoja wa Kinondoni alipomwomba amjengee baraza kabla hajarudi kutoka kazini, Revelian alifikiri kwa akili zake za Bukoba. Mtu mzima na heshima zake atakaaje nje watu wamwone anavyopiga miayo? Akalijenga uani, nyuma kabisa, kwa ustadi mkubwa, likitazamana na choo.

Jirani aliporudi alizunguka nyumba mara mbili akitafuta kazi iliyofanyika. Alipoiona alicheka mpaka akaketi juu yake, na hapo ndipo lilipotumika mara ya kwanza na ya mwisho. Kinondoni nzima ilikuja kutazama. Kwa miezi miwili Revelian aliitwa Fundi Uani, na watoto walimwimbia akipita.

Mwingine angehama mtaa. Revelian alifanya jambo la busara zaidi. Kila jioni akawa anakwenda kukaa kwenye mabaraza ya watu, kimya, akitazama. Aliwaona wazee wakiinuka kwa taabu kwa sababu kiti kiko chini mno, na wanawake wakikosa pa kuweka ungo. Akaona pia kwamba mtu anayepita hawezi kupita bila kusalimu, na anayesalimiwa hubadilika uso, hata kama alikuwa amenuna.

"Nilikuwa nafikiri raha ni kulala nyumba ya saruji," anasema. "Nikaona watu wana nyumba ya udongo na raha yao iko nje, wanaigawana bure."

Tangu hapo hajengi mpaka aulize ni nani na nani watakaokaa. Kisha anapiga goti na kuwapima mmoja mmoja, toka unyayo hadi goti, kwa kamba yenye mafundo. Wenye nyumba wengine hucheka, wanamwambia anashona suruali. Amekwisha kujenga mabaraza ishirini na saba, na hakuna mawili yanayolingana kimo.

La Bi Mwanabaraka ni la ishirini na saba. Bibi huyu, msusi wa mikeka, aliishi miaka arobaini katikati ya mji, kwenye nyumba ya udongo yenye baraza refu. Mwaka huu mwanawe, mpakuaji wa bandarini, alipata nyumba mpya Temeke akamhamisha. Nyumba ni nzuri, haina ubishi: sakafu ya saruji, bati lisilovuja, bomba hatua chache tu. Mbele yake kulikuwa na mlango na mchanga, basi.

Ndani ya miezi mitatu bibi akakonda. Akapelekwa kwa daktari, daktari hakuona ugonjwa. Mwanawe akamletea maziwa, akamletea kuku, na kuku akaliwa na wajukuu.

"Nilikuwa nakula vizuri, nalala vizuri," anasema Bi Mwanabaraka, "na sina mtu wa kuniuliza nimeamkaje. Mie niliona nimekufa, ila sijaambiwa."

Ndipo mwanawe akamwita Fundi Revelian. Upande wa mlangoni aliuinua kidogo, maana magoti ya bibi hayakunji vizuri. Upande wa pili aliushusha kwa ajili ya wageni, na katikati akaacha upana wa ungo mmoja wa chane za ukindu. Siku ya kwanza bibi alisalimiwa na watu kumi na wawili. Wiki ya pili maziwa yakasimamishwa, kwa kuwa alikuwa anakula ugali wa watu wawili.

Hilo ndilo baraza la kuvunjwa leo.

Sasa ni saa nne na nusu, na nyundo bado iko chini. Ijumaa njia hii ina watu wengi, na hakuna anayepita bila kumwamkia bibi. Anapita mshona viatu: shikamoo, marahaba, mkeo kajifungua? Kajifungua, bibi. Nini? Mtoto wa kike. Anaitwa nani? Wanapita wanawake watatu kutoka sokoni, na kila mmoja ana mama yake wa kuulizwa.

Mkaguzi anatazama saa. Alisoma Kiswahili kwa mtihani na akafaulu vizuri sana, na miongoni mwa aliyofundishwa ni kwamba mkubwa akiwa anaamkiwa hakatizwi. Maskini, elimu yake imemfunga kamba. Tena watu wenye adabu, wakimaliza kwa bibi, wanamgeukia na yeye: "Habari za asubuhi, Bwana? Habari za nyumbani?" Anajibu. Anaulizwa tena. Anajibu tena, masikio yakizidi kuwa mekundu.

"Bibi huyu atamaliza lini?" anamnong'oneza kontrakta.

"Bwana, leo Ijumaa," anajibu Bwana Remtulla. "Bado watu wa msikitini."

Bi Mwanabaraka anainua macho. "Wewe si mtoto wa Khatun? Mama yako kanunua kwangu mikeka miaka ishirini. Mbona umesimama juani kama mdai?"

Bwana Remtulla, mwenye vibarua sitini na malori mawili, anatazama viatu vyake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa."

Anakaa upande wa chini, na unamfaa kabisa. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe, anamimina vitatu. Mkaguzi anapokea chake akiwa wima.

Mwandishi wa habari hizi alihesabu watu arobaini na mmoja waliopita wakisalimu. Bi Mwanabaraka alipoulizwa baadaye kama aliwatuma, alikasirika. "Nimtume nani mie? Watu wana miguu yao!"

Wakati huo wote Revelian hakuwa amesimama bure. Alikuwa anautazama mfereji. Saa tano na nusu, salamu zilipopungua, alisogea mbele na kuuliza swali la kifundi, kwa sauti ya chini na heshima zote.

"Bwana, nivunje mpaka wapi?"

Mkaguzi akafungua karatasi. Karatasi ilisema futi tatu kutoka mfereji. Ni futi ngapi zilizopo, haikusema, kwa sababu hakuna aliyepima; palichorwa chaki tu. Utepe ukatolewa. Bwana Remtulla akashika ncha moja, Mkaguzi mwenyewe akapiga magoti mchangani na kaptula yake ile, akasoma.

Futi mbili, inchi tisa.

Watu wakasogea kuuona utepe.

"Inchi tatu zimezidi," akasema Mkaguzi. Akajipangusa magoti, akarudisha kikombe kwa muuza kahawa. "Ondoa inchi tatu. Zilizobaki si kazi yangu."

Mtaa ukapiga vigelegele. Revelian aliitupa nyundo kando, akachukua tindo. Hapo ndipo ungemwona fundi. Aliuondoa ukingo wa mbele kidogo kidogo, kama anamenya, na bibi akiwa mlangoni anamwelekeza kazi asiyoijua. Palipobaki pakali alipalainisha kwa mwiko na saruji, akaufanya ukingo wa mviringo. Saa nane, kazi ilipokauka juujuu, bibi akatandika mkeka, akakaa, akachezesha miguu. Ukingo mpya haukumchoma tena nyuma ya magoti. Ungo ulibanana kidogo, lakini ulikaa.

"Ungefanya hivi tangu siku ya kwanza," akasema.

Revelian alicheka mpaka machozi yakamtoka, na nadhani si kicheko peke yake kilichoyatoa.

Bwana Remtulla hakumkata mshahara wa siku hiyo. Amesema safu ijayo ya nyumba ataisogeza nyuma kidogo, nafasi ya mbele iwepo. "Sitaki kusimama juani Ijumaa nyingine," anasema, na anajifanya hacheki.

Basi fundi huyu anataka nini tena maishani? Anataka baraza la ishirini na nane, na hilo ni lake. Nyumbani kwake Kinondoni hakuna. Demetria, mkewe, ana miaka mitano mjini na bado huwasalimu majirani kupitia dirishani, mlango umefungwa, kama walivyolelewa kwao. Revelian hakuwahi kumlazimisha. Amekuwa akirudi na jiwe moja moja kwenye baiskeli, yamefika karibu mia, na anapanga kumaliza kabla ya Krismasi.

Jumamosi jioni mwandishi alimfuata hadi Kinondoni. Demetria alikuwa kwenye kigoda sebuleni, anamenya ndizi, na kisa cha Temeke alikwisha kukisikia kwa majirani, kupitia dirisha lile lile. Revelian alitoa kamba yake mfukoni, akasita, hakujua aanze vipi.

Demetria aliweka kisu chini. Akavuta gauni kidogo, akanyoosha mguu apimwe.

"Na uweke mbele," alisema. "Usije ukaniwekea uani."