Siku Kocha Alipokuja na Ndala

Kabla hajawa kocha wetu nilimjua kwa redio tu. Akitajwa kwamba ndiye anayepiga mpira wa adhabu, mtaa mzima unanyamaza. Goti lilipomtoa kwenye ligi akarudi Iringa kutufundisha sisi vijana, na mimi nikaona kama mbingu imeshuka uwanjani kwetu.

Mazoezini kila faulo alipiga mwenyewe. "Tazameni mguu," anasema. Mpira unapinda kama kona za mlima Kitonga, unaingia. Tunapiga makofi wote, kipa naye akiwemo!

Tukaenda kucheza na vijana wa Mbeya pale Nyololo, njiani kati ya Iringa na Mbeya. Mshindi angeenda Dodoma, na mimi nilishaota mpaka shati nitakalovaa. Bila kwa bila, dakika za mwisho, tukapata faulo karibu na boksi. Basi, wote kumi na moja tukageuka kumtazama kocha.

Wale wa Mbeya wakacheka. "Oya, mwiteni babu yenu aje awapigie!"

Kapteni akanisukuma mimi. "Piga wewe."

"Mimi? Si wewe kapteni?"

Refa akapuliza tena. Nikapiga, mpira ukamgonga mwenzetu mgongoni. Wale wa Mbeya wakauchukua, wakakimbia nao, wakafunga. Dodoma ikaishia hapo.

Kwenye basi kocha alishika pakiti ya karanga bila kuifungua. Nilijua anatulaani moyoni. Tulipofika Mafinga akageuka.

"Wanangu, kosa si lenu. Mazoezini mimi nilikuwa bado nacheza."

Mtu mkubwa vile kutuomba radhi sisi, nikatazama dirishani machozi yasionekane.

Jumatatu, baridi na ukungu, akaja uwanjani na ndala juu ya soksi.

"Shikamoo kocha. Viatu vimeibiwa?"

"Marahaba. Vipo nyumbani, nimevifungia. Leo nani anapiga?"

Nikapiga mimi. Ukaenda kwenye mikaratusi huko. Wenzangu wakazomea mpaka basi. Kocha akaufuata mwenyewe, anachechemea, na alipoufikia nikaona mguu wake wa kulia unanyanyuka wenyewe, tayari kabisa. Akaushusha taratibu. Akainama na goti lake lile bovu, akaubeba mpira kwa mikono mpaka miguuni kwangu.

"Rudia," akasema.