Nilimkataza Dada Yangu Kundi la Tatu

Nilikosea mimi, na sitaki kumsingizia mtu. Dada yangu mdogo alikuwa karibu kupata ukaazi wa kudumu Marekani, nami kwa ujuaji wangu nikamharibia.

Nina duka la vifaa vya simu hapa Konde, Pemba. Wateja wakipungua, hukaa nikatazama video za watu waliokwenda ng'ambo. Basi wakija watu kuulizia viza, huwajibu. Hata nisilolijua hulijibu. Wengine huniita Profesa, na mimi huitika bila haya.

Dada alisomea uuguzi huko huko Marekani. Alipomaliza akapewa ruhusa ya muda ya kufanya kazi, akaajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wakampenda. Siku moja akanipigia, sauti imejaa furaha.

"Kaka, bosi wangu anataka kuniombea ukaazi wa kudumu kupitia kazi. Wameniweka kundi la tatu."

"La tatu? Na digrii yako yote hiyo?"

"Wanasema wauguzi wengi hupitia hapo."

"Wanakuonea kwa kuwa mgeni. Waambie unataka la kwanza."

Mimi nilidhani ni kama madaraja ya boti, la kwanza ukae kwenye kiti laini, la tatu ubanane na mizigo. Hilo sikulisoma popote. Nilijitungia.

Masikini, akanisikiliza. Bosi akamweleza kwamba kundi la kwanza ni la waliotia fora katika fani zao, wanasayansi na wasanii wakubwa, maprofesa, wakuu wa makampuni ya kimataifa. Kama yumo, alete ushahidi. Nikamwambia apeleke cheti cha mashindano ya Kurani aliyoshinda akiwa skuli. Naona aibu kuliandika, lakini ndivyo nilivyosema.

Wakati tunavutana, yule bosi akaacha kazi. Aliyemrithi hakutaka kumwombea ukaazi mfanyakazi yeyote. Ruhusa ya dada ikaisha, akarudi Pemba. Mwenzake wa kazini, Mganda, aliyekubali kundi hilo hilo la tatu, sasa ana ukaazi wake.

Ndipo nilipokwenda kuuliza wanaojua. Kumbe namba ile haipimi heshima ya mtu, hutazama aina ya kazi na sifa zake. La pili ni la wenye shahada za juu zaidi na kazi inayozihitaji. La tatu ni la wenye digrii ya kwanza na mafundi wenye ujuzi. Foleni hutofautiana, lakini kadi ya ukaazi wanayoipata mwisho ni moja.

Nikenda Shumba, nyumbani kwa mama, kumwomba radhi. Nilimkuta dada anachambua kisamvu. Hakuinua uso.

"Kutojua si kosa, kaka. Mbona hukuniambia kama hujui?"

Nikakaa kitako, nikamsaidia kuchambua.

Sasa anafanya kazi hospitali Wete, na ameshaanza kuzungumza na mwajiri mwengine wa huko Marekani. Kundi la tatu tena. Habari hizo nilizipata kwa mama. Mimi hakuniambia.

Ndugu zangu, mtu akikuuliza jambo lililobeba maisha yake na wewe hulijui, mwambie hulijui, umwelekeze kwa mwanasheria wa mambo hayo. Nawe unayeuliza, hata kama ni kaka yako wa tumbo moja, muulize kwanza: hilo umelijulia wapi?