Jani la Isale Nililolipokea

Watu wanapenda kuniambia nisamehe. Mimi nimeshasamehe zamani, tena mbiombio, na haraka haraka haina baraka.

Miaka ile ya foleni, sabuni ilipokuwa haionekani madukani, jirani yetu wa duka la pili pale Kariakoo alimwomba mume wangu amfichie katoni tatu za miche ya sabuni. Tukaziweka chini ya kitanda. Alitoka mlima mmoja na sisi, Kilimanjaro, na alikuwa mzee wa kanisa letu. Ungemkatalia vipi? Siku ya nne mgambo wakaingia na balozi wa nyumba kumi, wakafunua shuka, wakamchukua mume wangu kwa ulanguzi. Jirani alisimama mlangoni kwake, mikono mfukoni, anatazama tu. Mume wangu hakumtaja. Alimngoja ajitaje mwenyewe. Niliwakasirikia wote wawili.

Jumapili, baada ya ibada, jirani akaja kwangu na wazee wenzake wawili. Mkononi alishika jani la isale, lile ambalo kwetu Wachaga mkosaji humpelekea aliyemkosea. Isale hukatai. Ukikataa, kosa linahamia kwako, na ukoo mzima utakusema. Sijui mjini hapa alilichuma wapi. Mzee mmoja akasema, "Mama, Bwana alisema saba mara sabini. Pokea." Mtoto alikuwa analia mgongoni, ugali unaungua jikoni, wapangaji wenzangu wanachungulia uani. Nikapokea. Tukaomba, tukasema amina.

Hapo ndipo nikamuuliza, "Sasa shemeji, kesho utakwenda polisi useme sabuni ni yako?"

Akatazama viatu vyake. "Shemeji, mambo si yamekwisha? Umeshapokea."

Nilijiona mjinga wa mwisho. Hata mnunua nyanya hulikagua fungu kwanza, mimi nimebeba bila kutazama. Nikawageukia wale wazee. Wakaniambia aliyesamehe hadai tena. Basi mume wangu akahukumiwa, na mwenye sabuni akaendelea kwenda Meza ya Bwana, kifua mbele. Mimi nilibaki kwenye benchi, sikuweza kusogea. Wakasema nina moyo mgumu. Waache waseme.

Mume wangu alirudi baada ya mwaka na miezi, amekonda, anakohoa. Nilimpa uji, nikamweleza yote: jani, wazee, maombi. Akaweka kikombe chini.

"Aliyelala sakafuni jela ni nani, mimi au wewe?"

"Wewe."

"Basi ulimsamehe kwa mdomo wa nani?"

Hakuuliza tena. Asubuhi alimsalimia jirani kama kawaida, maana isale ilishapokelewa nyumbani kwake na yeye ni mtu wa mila. Ila mimi, aliacha kuniita mama wa mtoto wetu wa kwanza, kama alivyozoea. Tuliishi hivyo miaka sita, mpaka nikamzika.