Buruta Miguu

Harufu ya samaki wa chumvi ikinipata hapa sokoni Makongeni, nyayo zinaanza kuniwasha. Nakuwa mtoto tena, nimeshika ncha ya chandarua, maji ya bahari yamenifika magotini, vuguvugu kama chai iliyosahaulika.

Nilikuwa kwa tata, shangazi yangu aliyeolewa pwani. Mama mkwe wake alitupeleka kuvua kwenye maji mafupi ya ghuba. Mimi wa bara nikatembea vile tunatembea kwa matope ya shamba, magoti juu, nikirusha maji.

"We mtoto, unakanyaga bahari kama unaua nyoka!" bibi huyo akafoka. "Samaki taa amelala chini ya mchanga, na mkia wake una mwiba. Ukimkanyaga atakuchoma, ukimgusa tu atahama. Buruta miguu, ama urudi ufukweni."

Nirudi, na nilitaka samaki wangu mwenyewe? Nikaburuta. Mara kidole kikagusa kitu laini, kinateleza, kinapumua. Mwili wote ulitaka kuruka.

"Tata!" nikalia.

"Usiinue mguu," bibi akasema polepole. "Msukume kidogo."

Nikamsukuma. Mchanga ukafumuka, taa mpana kama ungo akaenda zake.

"Haya, mtu wa maji," bibi akacheka, "vuta chandarua. Samaki wako hao."

Siku hizi mjukuu wangu akipiga deki hunigombeza: "Shosho, inua miguu, unamaliza slipa!"

Namwambia sijawahi kuchomwa hata siku moja, kisha napita nikiburuta.