Kofia Niliyokwenda Kuipokea Same

Msinicheke kabla sijamaliza. Shuleni nilijigamba kwamba baba yangu, gadi wa treni huko Tanga, nitamtambua hata kwa kivuli. Alikuwa anastaafu, anarudi kwetu Chome moja kwa moja, nami ndiye niliyetumwa kumpokea stesheni ya Same. Kila likizo yake ilipokwisha, kofia yake nyeusi ndiyo niliyoitazama kwenye dirisha la treni mpaka ikapotea.

Treni iliposimama nikaiona kofia. Nikakimbia, nikainama, nikampokea taa na bendera kama mizigo ya nyumbani.

“Shikamoo baba. Safari hii huondoki tena?”

“Marahaba, mwanangu,” akajibu yule bwana. “Nisipoondoka mimi, na treni haiondoki.”

Abiria wakaangua kicheko. Mimi bado nimeing'ang'ania taa.

Nyuma yangu akakohoa mzee mwenye kipara, aliyekaa juu ya sanduku la mbao. Nilikuwa nimempita mbio akishuka behewani, hata shikamoo sikumpa.

“Mbonea, mrudishie gadi taa yake,” akasema, kwa sauti ileile niliyoingoja miaka yote. “Kofia ni ya serikali, nimeirudisha. Nimekuja mimi tu.”