Gauni Lenye Mgongo

Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na kitu alichokiogopa kuliko kufa kilikuwa kuzikwa na gauni la nusu. Aliyewahi kuvalisha maiti huku kwetu analijua gauni hilo. Linauzwa jirani na majeneza, la satini inayong'aa, lina lesi kifuani na mikono mirefu, lakini nyuma halina kitu. Ni upande wa mbele tu, na kamba za kufungia shingoni. Watu wakipita kuaga wanaona nguo nzuri. Mgongo unalala wazi juu ya mbao.

"Nimewashonea watu migongo maisha yangu yote," aliniambia akiwa kitandani. "Mimi siendi mgongo wazi. Utanishonea gauni zima. Wewe, si fundi mwingine."

Kitambaa alikuwa amekichagua mwenyewe mjini Kisii, krepu ya samawati iliyokolea, na alikikata mwenyewe vidole vyake vilipokuwa bado vinaweza mkasi. Kilichobaki kilikuwa kushona tu. Sikushona. Kumshonea mtu nguo ya kaburini akiwa bado anakunywa uji niliona ni kumsukuma. Kwetu sisi watu wa ziwani, ukionekana unapima mbao za jeneza mgonjwa angali anapumua, utakuwa na maswali ya kujibu. Kwa hiyo vipande vilikaa vimekunjwa ndani ya foronya hadi alipofariki, na hadi Alhamisi ile, kesho yake ikiwa siku ya kumtoa mochari.

Nyumba yetu iko Keroka, nyuma ya barabara kubwa, na lori zito likipita vikombe hutetemeka kabatini. Matanga yalikuwa kwa kaka yangu, Suneka, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi na mama mdogo, yaani mdogo wake mama, aliyetoka kwetu ziwani kuja kunishika mkono. Sisi wawili, na cherehani.

Haikuwa ile ya kukanyaga niliyojifunzia utotoni. Ile mama alishampa binamu yangu. Hii ilikuwa ya kiwandani, nzito, imefungwa kwenye meza yake, na mota kubwa chini. Kiwanda fulani cha nguo kilifungwa na mashine zake zikauzwa, na moja ikaangukia kwetu. Mama aliitumia kwa sare za shule. Mimi aliniruhusu kushona kwayo, lakini kubadilisha sindano, kutia mafuta, kufungua skrubu yoyote, hayo alifanya yeye. Mengine niliyojua niliyapata kwa kumtazama begani na kwa video za simu. Sijawahi kukaa chuo cha ushonaji. Na aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake: hajui hitilafu ipi ni ndogo na ipi ni kubwa. Mimi kila hitilafu naiona kubwa.

Sindano ilivunjika begani, mahali ambapo marinda yalikutana na kuwa mazito. Nikachukua nyingine. Sindano ya cherehani ya kukanyaga ina ubavu bapa juu, kwa hiyo hata ukiwa kipofu huwezi kuikosea. Hii ya kiwandani ni mviringo mtupu. Inaingia vyovyote. Niliitia ilivyoingia, nikakaza skrubu, nikakanyaga.

Mishono ikaanza kuruka. Inashika mahali, inaacha uzi mrefu umelala juu ya kitambaa, inashika tena. Nilifumua. Nikajaribu kwenye kitambaa chakavu. Nikabadilisha uzi, nikabadilisha bobini, nikakaza, nikalegeza. Ikaruka vilevile.

Mtu mtulivu angeitazama ile sindano. Mimi nilikwisha kuamua kwamba nimeharibu mashine ya mama kabla hajaingia ardhini. Nikailaza nyuma kwenye bawaba zake, nikafuata video moja, nikalegeza skrubu za ndoano ya chini, kile kichuma cha mviringo chenye ncha kinachozunguka na kunasa uzi wa sindano. Niliisogeza kidogo na kukaza. Baada ya hapo haikuruka tena. Haikushona kabisa.

Mama mdogo alikuja na chai, akasimama mlangoni akitazama vyuma juu ya gazeti.

"Imekufa?"

"Haijafa."

"Mbona umeitoa utumbo?"

Akaweka kikombe mbali na kitambaa, maana nilikuwa nimemkemea asubuhi.

"Mwanangu, pale chini kuna mama Mkisii ana cherehani mbili na hana mteja hata mmoja. Nipe hivyo vitambaa nimpelekee."

"Mama alisema nishone mimi."

"Alisema ushone. Hakusema ufungue gereji." Alikaa kitandani. "Dada yangu alikuwa na kiburi, na umekirithi chote, hukuwaachia wenzako. Kesho mochari wakiniuliza nguo iko wapi, niseme iko kwa makanika?"

Nilicheka, kisha nikaona kicheko hakitaki kukoma. Aliona. Hakusema tena habari za mama Mkisii. Alichukua pasi akaanza kunyoosha mikono ya gauni ambayo haikuwa na pa kushonewa.

Nakiri kwamba halikuwa neno la mama tu lililonizuia. Niliogopa mshono wa mtu mwingine. Niliogopa nitakaa kanisani, natazama jeneza, na kitu pekee nitakachofikiria ni pindo lililopinda. Hivyo ndivyo nilivyo, hata kwa mama yangu.

Nikaanza upya, polepole. Niliondoa bamba la chini ya sindano na kusafisha kwa mswaki. Palitoka vumbi la nyuzi lililoshikana kama blanketi: kijani, maruni, kijivu, sare za watoto wa mji mzima, kazi yake ya miaka. Nililiweka kwenye kisahani. Sikuweza kulitupa. Kisha nikazungusha gurudumu kwa mkono hadi sindano ikashuka mwisho wake na kuanza kupanda. Hapo ndipo ncha ya ndoano inapotakiwa kuifikia sindano, juu kidogo tu ya tundu. Niliipata. Nilipokaza skrubu ikahama. Nikaipata tena, ikahama tena, hadi nikajifunza kukaza huku nimeishika kwa kidole gumba. Safari hii ilikaa.

Nikajaribu. Ikashona, na ikaruka. Tulikuwa tumerudi pale pale pa asubuhi.

Niliegemeza paji la uso kwenye chuma. Kilikuwa cha baridi, na kilinukia mafuta, yaani kilinukia mama. Ndipo nikauona akilini mkono wake. Kila alipoweka sindano alipitisha ukucha juu yake kabla ya kukaza, upande huu na upande huu. Nilikuwa nikidhani ni mazoea tu, kama watu wanavyopuliza chaki. Nikapitisha ukucha. Sindano ya mviringo ina mfereji mrefu upande mmoja, mwembamba, uzi unalala humo. Upande wa pili, juu ya tundu, imechongwa kidogo ili ndoano ipite karibu na kunasa. Mfereji unatakiwa utazame kushoto, uzi unakoingilia. Wangu ulikuwa unatazama kulia. Ndoano ilikuwa ikiufuata uzi mahali ambapo haupo.

Niliigeuza. Mshono ukatoka kama uliopigwa rula.

Nilishona hadi jua likaelekea kuzama. Mkono mmoja niliufumua kwa sababu ya mkunjo ambao hakuna mtu angeuona. Nyuma niliweka zipu ya kufichwa, na mshono chini yake hadi pindoni, mishono midogo, iliyobana. Mama mdogo aliligeuza nje ndani, akatazama, akasema, "Haya. Hilo lina mgongo."

Asubuhi, mhudumu wa mochari alitupokea mlangoni, mzee mwenye aproni na gambuti. Alilipokea gauni kwa mikono miwili, akaligeuza, akapapasa zipu.

"Nani ameshona?"

"Mimi."

"Kazi safi. Lakini hawezi kuingia hapa, dada. Mikono haikunjiki tena. Sisi hupasua nyuma, tunamvisha kwa mbele." Alitoa mkasi mfukoni. "Hakuna atakayeona."

"Usikate," nilisema. "Nitafumua."

Nilikaa kwenye benchi la nje na wembe. Mishono, ya zipu na ya chini yake, ilikuwa imebana sana. Nilikata mmoja mmoja, nikivuta vipande vya uzi kwa ukucha, kaka yangu akipiga simu kuuliza kwa nini gari la maiti linangoja, na mama mdogo akimjibu, "Anashona," wakati nilikuwa ninafumua.

Walimvisha. Kisha nikaomba kuingia.

"Dada, kuna familia nyingine nje," mzee alisema.

"Baba, huyu ni fundi," mama mdogo akamwambia, "na yule aliyelala ni fundi. Hawajui kuacha kazi nusu. Tusaidie tu."

Mzee na mwenzake walimgeuza kwa ubavu, wakamshika. Mama mdogo alibana kingo mbili za kitambaa kwa vidole. Nilikuwa na sindano ya mkono na uzi, nikaanzia shingoni. Sikuwahi kuutazama mgongo wa mama yangu. Ulikuwa mifupa, na baridi yake ilipita kwenye krepu hadi vidoleni. Alikuwa amekonda kuliko vipimo alivyojikatia, kwa hiyo kitambaa kilizidi, kikajikunja kiunoni. Mishono ilitoka mirefu hapa, mifupi pale. Siku nyingine yoyote ningefumua.

Nilipofika pindoni mzee alisema mkono wake umechoka. Nikapiga fundo, nikakata uzi kwa meno, nikawaambia wanaweza kumlaza.