Aliyemchukua Sampuli Mtoto wa Mdogo Wake

Saa mbili na nusu asubuhi, foleni imeshafika mlangoni. Mama Pamba anavaa glovu, anachana pakiti ya kijiti chenye pamba, anamwomba mzee aliyeketi mbele yake afungue kinywa. Anasugua shavu kwa ndani, anatia kijiti kwenye kichupa, anabandika namba. Hapa mtu haulizwi anatafuta nini.

"Wengine wanatafuta maradhi ya ukoo," anasema. "Wengi wanatafuta baba."

Ana miaka kumi na mmoja katika maabara hii ya vinasaba. Jina la Mama Pamba alipewa na wateja, na zamani lilimchekesha.

Mwaka juzi aliingia shemeji yake, mume wa mdogo wake, kamshika mkono binti yao wa miaka sita.

"Mama yake anajua?" Mama Pamba alimuuliza.

"Shemeji, fanya kazi yako. Ukimwambia, nakwenda kwa bosi wako."

Masharti ya kazi ni kwamba siri ya mteja haitoki. Akavaa glovu.

"Mama mkubwa, inauma?" mtoto akauliza.

"Haiumi, mwanangu."

Akifika hapo, Mama Pamba anavua glovu. "Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule."

Majibu yalichukua siku kumi. Katika siku hizo alikula kwa mdogo wake mara mbili, akampakata mtoto, akameza maneno. Siku ya kumi na moja shemeji alisoma karatasi, akatupa masanduku ya mkewe nje. Mtoto hakuwa wake.

"Siku kumi, dada!" mdogo wake alimlilia, alipojua nani alikishika kijiti. "Ungeninong'oneza tu, ningemweleza kwa kinywa changu."

Hawajasemezana tena. Mdogo mtu alihamia mji mwingine kutafuta kazi, mtoto akabaki kwa bibi yake. Huambiwa baba yuko safarini.

Mama Pamba aliiomba maabara isipime mtoto bila mama kujua. Bosi akamjibu, "Wateja watavuka barabara." Ng'ambo ipo maabara nyingine.

Mbona hajaacha kazi?

"Niache, nile nini? Na kijiti kitashikwa na mwingine."

Anachongoja ni binti yule, sasa wa miaka minane, afike umri wa kuelewa.

"Nitamwambia mwenyewe kwamba mkono ulikuwa wangu. Akinifukuza, nitatoka. Ila asije akayaokota maneno haya barabarani."